Daktari Aketi Barazani: Huduma ya Mama Mjamzito kutoka Balambala hadi Garissa

Mto Tana unapoteremka kutoka nyanda za juu za Kenya hupita Balambala kabla ya kuufikia mji wa Garissa, kisha hushuka Hola na Garsen hata kumimina maji yake baharini karibu na Kipini. Sisi watu wa mwambao tunaujua kwa mwisho wake. Jirani zetu wa Balambala wanaujua ungali katikati ya safari, ukikata nchi kavu ya wafugaji. Maji yakizuiliwa huko juu, wa chini watayakosa. Na huduma ya hospitali ndivyo ilivyo. Ina chanzo, ina njia na ina mwisho. Pakikatika mahali pamoja, aliye mbele hufa kwa kiu ilhali mto uko.

Familia nyingi hazijapata kuliuliza swali hili: ni nani anayeipanga njia hiyo? Mama mjamzito akiondoka nyumbani kwake Balambala, ni nani aliyeamua aanzie wapi, apimwe nini, achukuliwe na gari gani, apokewe na nani, na damu atakayohitaji itoke wapi? Je, ni mwenye kushika kalamu ya bajeti peke yake, au ni daktari na mkunga watakaosimama kando ya kitanda chake? Jawabu la swali hili ndilo linaloamua kama hospitali ni jengo tu, au ni jengo lenye faida.

Mkondo wa huduma ni nini

Kwa desturi hospitali hugawanywa kwa idara. Maabara ina mkubwa wake, famasia ina wake, wodi ina wake, chumba cha upasuaji kina wake, na gari la wagonjwa lina dereva anayepokea amri kwingine kabisa. Mgonjwa ndiye anayezunguka, akibisha mlango huu na ule, akibeba karatasi mkononi. Akiwa na nguvu na jamaa wa kumsaidia, atafika. Akiwa hana, ataishia kwenye benchi.

Katika miaka ya 1980 hospitali za Marekani zilianza kuiga mtindo wa viwanda, ambako kazi zote za bidhaa moja huwekwa chini ya usimamizi mmoja. Badala ya kuuliza idara hii inafanya nini, zikauliza: mgonjwa wa moyo anahitaji nini tangu siku ya kwanza hadi apone, na ni nani anayewajibika kwa safari yake yote? Mpango huo ndio ninaouita hapa mkondo wa huduma. Mwaka 2008 hospitali mashuhuri ya Cleveland Clinic, ikiongozwa na Toby Cosgrove, ambaye mwenyewe alikuwa mpasuaji wa moyo, ilivunja mipaka ya zamani baina ya madaktari wa dawa na madaktari wa kisu, ikawakusanya katika taasisi kwa kufuata kiungo au maradhi. Anayetibu moyo kwa dawa na anayeupasua wakawa chini ya mwavuli mmoja.

Asidhani msomaji kwamba haya ni mageni kwetu. Bimaristani ya Nuri ilijengwa Damascus mwaka 1154, na ile ya Mansuri ikafunguliwa Kairo mwaka 1284 kwa wakfu wa Sultani Qalawun. Humo wagonjwa walitengwa kwa kufuata maradhi yao: wenye homa mahali pao, wenye macho mahali pao, wa majeraha mahali pao, na wanawake mahali pao. Waliosimamia tiba walikuwa matabibu, na mali ya wakfu ikahudumia dawa, chakula na mishahara. Kabla ya hapo Abu Bakr al-Razi, aliyefariki katika karne ya kumi Miladia, aliziongoza hospitali za Rayy na Baghdad. Kisa mashuhuri husimulia kuwa alipotakiwa kuchagua kiwanja cha hospitali aliamuru nyama itundikwe sehemu mbalimbali za mji, akachagua mahali nyama ilipochelewa kuoza. Kiwe kimetukia hivyo au kimepambwa na wasimulizi, mazingatio yake yako wazi: tabibu aliulizwa kabla ya fundi mwashi kuitwa.

Na kabla ya hao wote tuna Bibi Rufaida al-Aslamiyya, Mwenyezi Mungu amridhie. Hema lake la kuuguza majeruhi lilipigwa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) wakati wa vita vya Khandaq, na Saad bin Muadh (r.a.) akauguzwa humo. Aliyejua kuuguza ndiye aliyepewa hema, na hema likawekwa karibu na watu. Kanuni hizo mbili zatutosha kuipima hospitali yoyote ile.

Hesabu inayotutisha

Kaunti ya Garissa ilihesabiwa watu 841,353 katika sensa ya 2019, nao wametawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 44,000. Balambala ni mojawapo ya majimbo yake, lenye wadi za Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri. Wengi wa wakazi ni wafugaji wanaofuata malisho na maji. Nyumba iliyokuwa hapa mwezi huu, mwezi ujao huenda ikawa mwendo wa siku mbili kutoka hapa.

Takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 zilionyesha kuwa katika Garissa mama 646 walifariki kwa ajili ya uzazi katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Wajir walikuwa 1,683 na Mandera 3,795. Na msomaji wa Lamu asitazame upande mwingine, kwani Lamu ilikuwa na 676, yaani zaidi ya Garissa yenyewe. Dini yetu imeipa roho moja uzito wa wanaadamu wote. Mwenye kusoma hesabu hizi akiikumbuka hukumu hiyo hatazipita upesi.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuwa mama mwenye uchungu hufa kwa kucheleweshwa namna tatu: hucheleweshwa uamuzi wa kutafuta msaada, hucheleweshwa njiani, kisha hucheleweshwa akiwa amekwisha kufika hospitali. Tuchukue mfano wa mama wa Balambala tuipime kauli hiyo. Uchungu umemshika usiku. Mumewe yuko na ngamia mbali, na wazee wanasema hapana ruhusa hadi arejee: huko ni kuchelewa kwa kwanza. Ruhusa inapatikana, lakini mvua imenyesha na mikondo mikavu, ambayo wenyeji huiita laga, imejaa maji na gari halipiti: huko ni kuchelewa kwa pili. Anafika. Mpasuaji hajaarifiwa, jamaa hawajapimwa damu, na ufunguo wa stoo ya dawa umekwenda nyumbani na mwenyewe: huko ni kuchelewa kwa tatu.

Tazama sasa. Hakuna hata jambo moja katika hayo linalotibiwa kwa kununua mashine. Na hakuna hata moja ambalo daktari anaweza kulitengeneza akiwa amefungiwa ndani ya chumba cha upasuaji, akingoja aletewe mgonjwa. Akiwa ni mtu wa kungoja tu, daktari huyaona matokeo ya kuchelewa, ila hapewi nafasi ya kukuzuia.

Mitambo iliyonunuliwa kabla ya mashauri

Kenya imekwisha kulipia somo hili kwa fedha nyingi. Chini ya Katiba ya 2010 hospitali za kaunti, zahanati na magari ya wagonjwa yaliwekwa mikononi mwa serikali za kaunti, nazo zikaanza kazi mwaka 2013. Mwaka 2015 Serikali ya Kitaifa ilianzisha mpango wa kukodi mitambo ya kisasa kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti: ya upasuaji, ya kusafisha figo, ya picha za mwili na ya wagonjwa mahututi. Nia ilikuwa njema, na wako wagonjwa wa figo wanaoishi leo kwa sababu ya mitambo hiyo. Lakini kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka 2020 ilieleza kuwa kaunti hazikushauriwa ipasavyo juu ya mahitaji yao, na kwamba baadhi ya mitambo ilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme, maji au chumba cha kuiweka.

Lau daktari na muuguzi wa kila hospitali wangeketishwa mezani mwanzo, swali la kwanza lingekuwa jepesi: nani ataiendesha? La pili: maji yake yatatoka wapi? La tatu: je, hili ndilo linaloua watu wetu? Maswali hayo hayagharimu kitu. Kutoyauliza ndiko kunakogharimu.

Linganisha na jambo jingine. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusu kina mama zaidi ya 200,000. Madaktari na wakunga walitumia shuka la plastiki lenye vipimo, linalowekwa chini ya mama baada ya kujifungua ili damu inayotoka ionekane kiasi chake badala ya kukisiwa kwa macho. Damu ikizidi, matibabu hayafuatani moja baada ya jingine kwa kungojana. Yote huanza pamoja: kusinga tumbo, dawa za kukaza mfuko wa uzazi, dawa ya kuzuia kuvuja damu, maji ya mshipani, na kutafuta chanzo. Madhara mazito, kwa maana ya kupoteza damu kuanzia lita moja, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya kuvuja damu, au kufa kwa sababu hiyo, yalipungua kwa asilimia 60. Dawa hizo zilikuwako tangu zamani. Kilichoongezwa ni kipimo na utaratibu, na vyote viwili vilitungwa na watu wanaosimama kando ya mama.

Somo lililotoka Wajir

Nchi ya wafugaji ina mfano wake yenyewe, na haifai tuupite kwa kuwa aliyeuongoza hakuwa wa dini yetu. Annalena Tonelli, Mtaliano, alifika Kenya mwaka 1969 akaishi Wajir. Hakuwa daktari, alikuwa amesoma sheria. Wakati ule kifua kikuu kilikuwa kikiwamaliza wafugaji, na madaktari wengi waliamini kuwa haiwezekani kumtibu mtu asiyekaa mahali pamoja, kwani atatoweka kabla ya kumaliza dawa, na maradhi yatarudi yakiwa sugu.

Mwaka 1976 alipewa jukumu la kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamahamaji. Hawakujengewa wodi. Waliambiwa waje na nyumba zao. Walisimamisha vibanda vyao vya kawaida pamoja, mahali palipokuja kujulikana kama Manyatta ya Kifua Kikuu, wakakaa humo miezi sita wakimeza dawa kila siku mbele ya mhudumu. Ugonjwa haukubadilishwa na dawa haikubadilishwa. Njia ya mgonjwa ndiyo iliyobadilishwa ikafanana na maisha yake. Mtindo wa kumeza dawa mbele ya shahidi ukaja kuwa sera ya Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Bibi huyo aliuawa Borama mwaka 2003, mwaka uleule aliotunukiwa Tuzo ya Nansen kwa kazi yake miongoni mwa watu wa Kisomali.

Tunachojifunza ni hiki: tiba ya kitaalamu ikikataa kushauriana na maisha ya watu, hushindwa, na wajuzi wa maisha ya watu wakikosa wataalamu wa tiba, nao hushindwa. Wajir walikutana.

Waliotibu, kisha wakajenga

Mjini Addis Ababa wapo walioianza kazi kama madaktari. Catherine Hamlin na mumewe Reginald, wote wawili madaktari wa uzazi, walifika Ethiopia mwaka 1959. Waliwakuta kina mama waliopasuka kwa uchungu wa siku nyingi, mkojo ukiwavuja bila kikomo, waume wamewaacha na jamaa wamewakimbia kwa harufu. Maradhi hayo huitwa fistula ya uzazi. Waliwatengeneza kwa upasuaji, na mwaka 1974 wakafungua hospitali mahsusi kwa ajili yao. Lakini kila waliyemtengeneza alifuatwa na mwingine. Mpasuaji anayetazama meza yake peke yake angeendelea kushona hadi kufa. Wao waliutazama mkondo mzima, wakaona kuwa chanzo ni mama kukosa mkunga kijijini, na mwaka 2007 chuo chao cha wakunga kikaanza kufundisha wasichana ili warudi kuhudumia kwao. Na miongoni mwa wagonjwa wa zamani, Mamitu Gashe, ambaye hakuwa na elimu ya shule, alijifunza kazi hiyo hata akawa mpasuaji wa fistula mwenye kufundisha wengine.

Hargeisa tunaye Bibi Edna Adan Ismail, mkunga na muuguzi, Muislamu na binti wa daktari. Baada ya kustaafu katika Shirika la Afya Duniani alitumia mali yake kujenga hospitali ya uzazi iliyofunguliwa mwaka 2002, mahali palipokuwa jaa la takataka. Naye hakuridhika na wodi. Aliwafundisha wakunga wakapelekwa nje ya mji. Tangu mwaka 1976 amekuwa akisema hadharani juu ya madhara ya ukeketaji wa kifirauni, ambao humfunga mwanamke hata kujifungua kukawa hatari. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanawake wa Garissa wamekeketwa. Mkondo wa uzazi uliopangwa na wajuzi hungemwuliza mama jambo hili kwa staha katika kliniki ya mapema, ili afunguliwe na mtaalamu kwa wakati, wala hungengoja ligunduliwe usiku wa uchungu.

Na hapa kwetu mwambao kiko Kituo cha Macho cha Kwale, kilichoanzishwa mwaka 1993 na daktari wa macho, Helen Roberts. Wahudumu wake huwafuata wagonjwa vijijini, wakawatafuta wazee waliokwisha kukubali kuwa upofu wa mtoto wa jicho ni sehemu ya uzee. Daktari anayengoja kliniki humwona yule aliyeweza kufika tu. Daktari aliyeshiriki kupanga hujua kuwa mgonjwa mkubwa ni yule asiyefika.

Daktari akiondoka, huduma isiondoke

Upo upande wa pili wa jambo hili, na insafu yatutaka tuuseme. Huduma iliyojengwa juu ya mtu mmoja huvunjika akiondoka. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Kuba, wakagawanywa katika kaunti. Mwezi wa Aprili 2019 wawili kati yao walitekwa nyara Mandera wakielekea kazini, na wenzao wa kaunti za mpakani wakaondolewa. Kabla ya hapo, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa ya tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, watumishi wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi waliihama Kaskazini Mashariki. Hatuwezi kuwalaumu waliohofia roho zao. Tunachoweza ni kupanga huduma ambayo maarifa yake yamekaa kwa wakunga, wauguzi na maafisa wa kliniki wenyeji, na utaratibu wake umeandikwa, ili daktari mpya akija aukute mkondo unapita.

Kadhalika, daktari ni mwanaadamu. Mwenye zahanati yake binafsi mjini anaweza kushawishika kuidhoofisha huduma ya umma ili wagonjwa wamfuate kwake. Kwa hiyo anayeketi kupanga ni lazima atangaze maslahi yake, na hesabu za huduma zisomwe na wengine. Hiyo ndiyo maana ya amana. Tena kupanga si kazi ya daktari peke yake. Muuguzi anayekesha na mgonjwa huona asiyoyaona daktari anayepita asubuhi, na msimamizi wa fedha anajua kinacholipika. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini walisema pia kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Kauli hizi hazipingani. Mashauri yawe ya wengi, dhamana iwe ya mmoja anayejulikana kwa jina na kwa simu, tena apewe saa za kazi hiyo. Daktari anayetakiwa kupasua mchana kutwa kisha apange huduma usiku amebebeshwa mzigo, hakupewa nafasi.

Barazani pazungumzwe nini

Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za uboreshaji wa vituo vya afya imeziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayoyakusanya na kuyatumia katika huduma. Maana yake ni kwamba mazungumzo ya mipango hayako Nairobi tu. Yako mlangoni petu, na kila hospitali ina kamati ambayo jamii ina haki ya kuisikia na kuiuliza.

Wakazi wa Balambala, na wenzao wa Hola, Garsen na Lamu, wanaweza kuuliza mambo machache yenye uzito. Ni nani hasa, kwa jina, anayewajibika kwa mkondo wa uzazi tangu nyumbani hadi Garissa? Daktari wa uzazi wa hospitali ya rufaa hukutana lini na wakunga wa hospitali ndogo na zahanati zinazomletea wagonjwa? Mgonjwa akipelekwa rufaa, nani hupiga simu kabla gari halijaondoka, na nani huipokea? Dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ambayo huharibika kwa joto, inakaa katika friji ipi umeme ukikatika? Laga zikijaa, mama wa miezi ya mwisho watasubiri uchungu wapi, karibu na hospitali, na kwa chakula cha nani? Mafuriko ya Tana ya Novemba 2023 na ya mwaka 2024 yaliikata barabara ya Garissa na Nairobi. Basi tusiseme tena kuwa mvua ilitukuta ghafla.

Na mama akifariki, je, kikao cha kuchunguza sababu hufanyika, na daktari huhudhuria? Uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya kina mama vya mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban tisa kati ya kila kumi waliochunguzwa hawakupata huduma kwa kiwango kilichostahili. Kikao hicho si cha kumtafuta wa kulaumiwa. Ni cha kujua mkondo ulikatikia wapi, ili usikatikie hapo tena.

Kwa upande wetu wa familia, yako yaliyo mikononi mwetu. Kuchelewa kwa kwanza ni kwetu, si kwa serikali. Mume aliye mbali aache idhini na namba ya simu mapema, tena aandamane na mkewe kliniki walau mara moja ili asikie kwa daktari kwamba huenda upasuaji ukahitajika. Ruhusa isiyotolewa usiku wa manane hugeuka kuwa sanda asubuhi, na ikumbukwe kuwa mwanamke mwenye akili timamu ana haki ya kuikubali tiba ya mwili wake mwenyewe. Anayeona haya kuzalishwa na mwanamume atake mkunga mwanamke, na kamati ziajiri wanawake zaidi; lakini asipopatikana, sheria yetu imetoa nafasi wazi kwa dharura, na kuihifadhi nafsi ni katika makusudio yake makuu. Wakunga wa jadi wasifukuzwe. Waingizwe katika mkondo kama wapambe wa kumleta mama. Ndugu wanaume wapimwe damu wiki kadhaa kabla ya siku. Nasi maimamu, khutba moja kwa mwaka juu ya uchungu wa uzazi haitatuharibia mimbari.

Wakfu nao urudi. Mababu zetu waliweka wakfu visima na misikiti, na Mwenyezi Mungu awalipe. Leo mtu akiweka wakfu nyumba ya wajawazito kando ya hospitali, au mafuta ya gari la wagonjwa kwa mwaka, au ada ya binti mmoja wa Balambala asomee ukunga na arudi kwao, atakuwa amechimba kisima kisichokauka. Ila kabla hajatoa, na amwulize kwanza daktari na mkunga wa mahali pale: ni wapi hasa mkondo unapokatika? Hapo ndipo pa kuweka mkono wake.